Kaburi la Mama Kabula

Asubuhi ile tulikuwa tunapalilia pamba ya Luhende, watu kumi na wawili katika mstari mmoja, kama tulivyozoea kulimiana kijijini kwetu, upande wa kusini wa Geita. Nilikuwa nimerudi kutoka mgodi wa dhahabu. Miaka minne chini ya ardhi ilinifundisha kuchimba, na vitabu vya kuazima vilinifundisha kusoma. Luhende, jirani yangu, aliniona nabaki nyuma.

"Baba Shija, jembe lako linalima au linasoma?"

"Linasoma magugu yako, na hayana mwisho."

Mkewe, Mama Kabula, alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa hakijamwacha tangu mavuno.

Mwezi uliofuata serikali ya kikoloni iliamuru kila mfugaji apunguze ng'ombe wake, apende asipende. Masanja, aliyewahi kuwa askari katika vita vya Burma, alitukusanya akasema hakuna ng'ombe atakayekwenda mnadani. Atakayepeleka atatengwa: hatapewa moto, hatachotewa maji, hatasalimiwa. Mimi nilikuwa karani wake, nikayaandika hayo matatu. Tulimshangilia.

Luhende alipeleka ng'ombe wawili. Aliogopa kwamba akifungwa, mkewe hatakuwa na wa kumuuguza. Tukamtenga.

Kisha askari wakaja na malori.

Walijipanga mnadani na bunduki. Sisi tulikuwa tumekusanyika pale kuuzuia mnada, na vijana wetu walishika mikuki.

Masanja alitoka mbele, mikono juu. Alitugeukia sisi, si wao.

"Kaeni chini! Wote!"

Tukakaa.

Mabomu ya machozi yalitupofusha. Risasi zilipita juu ya vichwa vyetu. Nilipoweza kuona tena, walikuwa wanamburuta Masanja, damu ikimtoka sikioni. Hakufa mtu. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na kila mara nafika pale pale: kama tungebaki tumesimama, wengi wetu tungezikwa wiki ile.

Siku ya tatu, Masanja akiwa bado mahabusu, Luhende alikuja akasimama nje ya uwanja wangu. Hakutuamkia, kwa kuwa alijua hatungeitikia.

"Mama Kabula amefariki alfajiri," alisema. "Kwangu ni mawe matupu, na wewe umechimba mgodini. Njoo unisaidie, ndugu yangu."

Vijana waliokuwa kwangu walinitazama. Siku zile aliyelegea aliitwa msaliti, na mimi ndiye niliyeshika nafasi ya Masanja.

"Masanja amekataza," nilisema. "Hata kuzika."

"Hata kuzika?"

"Hata kuzika."

Masanja hakuwahi kusema neno lolote kuhusu maziko. Nililitunga pale pale, nimesimama.

Luhende alichimba na binti yake, Kabula. Tulisikia mtaimbo ukigonga mawe mpaka jua likazama. Kesho yake baba na binti walihamia Ushirombo.

Masanja alipotoka gerezani, watu walimsimulia. Akanitazama.

"Mimi ndiye niliyesema hivyo?"

Nikamuuliza habari za gerezani. Akasema, "Kutenga kulikuwa kwangu." Hakuligusa tena jambo hilo mpaka alipokufa, baada ya uhuru.

Matangani wazee walimzungumzia.

"Alituokoa, yule bwana," alisema mmoja.

"Alituokoa, sawa. Lakini kumnyima maiti kaburi? Ule ulikuwa ukatili."

"Burma ilimharibu moyo."

Wakanigeukia, kwa kuwa nilimjua kuliko wote. "Au siyo, Baba Shija?"

Niliitikia kwa kichwa.

Leo naandika ambalo sikulisema siku ile. Masanja aliwafundisha majirani kunyimana moto na maji, na hilo simfutii. Bila neno lake, Luhende asingesimama nje ya uwanja wangu akiomba. Lakini neno la kaburi ni langu, na yeye amelibeba hadi kaburini kwake.

Kabula ana watoto sasa. Nasikia hataki jina la Masanja litajwe nyumbani mwake. Mimi amenisamehe. Anasema nililazimishwa.