Bomba la Baba Mkwe

Niseme mapema, nisije nikaonekana najitetea: lile pipa niliamua kuliweka mimi, na kama ningerudishwa Kisondela leo na nguvu zangu za ujana, ningeliweka tena.

Kwetu mke haonani na baba wa mume wake. Si kwamba wamegombana, ni heshima. Ukimwona anakuja njiani, unaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Husemi naye, hukanyagi mlangoni kwake, na jina lake hulitamki. Nilifundishwa hivyo kabla sijaolewa na nilikubali. Nilichokataa ni heshima hiyo kumfanya mzee wa watu aishi bila kuoga.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya moto. Alipofariki, mzee alibaki na kiuno chake kibovu na baridi ya Rungwe. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha chai na alirudi Jumapili tu. Majirani asubuhi walikuwa shamba la kijiji, maana ilikuwa Ujamaa na asiyefika aliulizwa. Mwanangu, ambaye angetumwa, alikuwa bado mgongoni. Nikiiacha ndoo njiani na kujificha, mzee hakuweza kuibeba kwenye utelezi ule. Basi akawa anaoga Jumapili kwa Jumapili. Na watu wale wale ambao wangenisema vibaya kama ningemsogelea, walianza kusema huyu ni mkwe gani anayemwacha mzee anuke. Nilikasirika sana.

Nilipokuwa msichana, kabla ya Uhuru, nilichuma chai kwenye shamba la Mzungu. Nyuma ya nyumba ya meneja kulikuwa na pipa juu ya mawe, moto chini yake. Mpishi alimimina ndoo ya maji baridi upande wa nje, na maji ya moto yakatoka bafuni kwa meneja. Meneja hakumwona mpishi wala mpishi hakumwona meneja. Nikawaza kwamba kama maji yaliweza kumfikia Mzungu hivyo, yangeweza kumfikia baba mkwe hivyo hivyo.

Nilipata pipa la mafuta ya kula na vipande vya bomba kwa fundi mmoja pale Tukuyu. Alipokuja kulifunga jikoni kwangu, nilimweleza kwamba bomba la kupeleka maji bafuni litoke juu ya pipa, na la kuingizia maji baridi lishuke mpaka chini. Alicheka. Akaniuliza tangu lini maji yakatoka juu. Akatoboa chini, kama alivyozoea, akaondoka. Niliwasha moto, nikamimina ndoo, nikakimbia bafuni kwa mzee, bomba lilikoishia, kabla hajarudi kutoka kanisani. Maji yalikuwa baridi kama ya mtoni.

Nilimrudisha. Nikamimina maji ya moto kwenye ndoo, nikaongeza ya baridi polepole bila kukoroga, nikamwambia atie mkono mpaka chini. Kila mwanamke aliyewahi kuogesha mtoto anajua kuwa ya moto hukaa juu. Fundi alitoa mkono, akaziba tundu lake, akatoboa nilipomwonyesha. Sasa bomba likatoka juu ya pipa na kuteremka kupitia migombani hadi bafu la mzee, nasi tukalifunga majani makavu ya mgomba ili maji yasipoe njiani.

Mume wangu alimweleza baba yake utaratibu. Mzee akiwa tayari agonge bomba kwa jiwe, kugonga mara moja ni ndoo moja. Mimi huku jikoni nikisikia, namimina ndoo ya baridi, naye kule anapata ndoo ya moto. Asubuhi ya kwanza niliposikia ule mlio nilimimina ndoo mpaka tone la mwisho. Nilifurahi, sifichi.

Haikupita miezi mitatu, shangazi wa mume wangu, dada yake mzee, akasikia. Akaitisha kikao uani kwa mzee siku ya Jumapili, na kwa kuwa mzee alikuwepo, mimi sikuruhusiwa kufika. Nilihukumiwa nikiwa jikoni kwangu, nimebandika sikio kwenye nyufa za ukuta. Shangazi alisema nimeleta maringo ya Kizungu. Alisema nazungumza na baba mkwe kwa bomba. Kisha akasema lile lililonichoma:

“Maji aliyoyashika yeye yanamgusa kaka yangu mwilini. Hiyo ni aibu kuliko kuonana. Ling'olewe leo.”

Nilingoja mume wangu anitetee. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba spana anayo. Nilitamani kutoka nje nimjibu shangazi mbele ya wote, na nilishafika mlangoni. Nikakumbuka kwamba nikitoka tu nitakuwa nimefanya kile kile anachonisingizia. Nikasimama hapo na mtoto mgongoni.

Kule uani nikasikia mzee anakohoa na kiti kinasogezwa. Mtu akamuuliza anakwenda wapi, kikao hakijaisha. Nilisikia fimbo yake ikishuka taratibu kuelekea bafuni, na mlango wa mabanzi ukafungwa.

Kisha bomba likagongwa.

Nikainua ndoo, nikaimimina yote, na wote wakasikia maji yakianguka kule. Akagonga tena. Nikamimina. Mzee wangu hakuwahi kuoga ndoo mbili tangu nimfahamu, na asubuhi ile alikuwa ameshaoga. Nilipochungulia kwenye ufa, shangazi alikuwa anakusanya kanga yake, na mume wangu ameficha spana nyuma ya mgongo.

Akagonga mara ya tatu, na ya nne. Nilimimina zote nne.