Ukuta Nilipomwacha Hamisi

Nakumbuka asubuhi ambayo ningeweza kusema tu, "Apana, mi sijui njia tena." Badala yake, mwanangu, nilikubali kumwongoza mdogo wangu Hamisi hadi nyumbani kwake Kanyosha, mtaa wa Bujumbura nilikozaliwa, tukachukue cherehani aliyoiacha alipokimbia vita. Nilikuwa fundi wa magari, kijana mwenye kiburi. Vichochoro vile nilidhani navijua hata nikifumba macho.

Sisi wa Bujumbura hatuelekezani kwa majina ya barabara. Tunasema: ukifika kwenye mparachichi, pinda penye bati jekundu. Lakini mparachichi ulikuwa umekatwa, mabati yameibwa, na kuta zilizobaki zilifanana zote.

Tulimkuta mama mmoja akipalilia mihogo. Hamisi alikuwa anachechemea kwa mguu wake mgonjwa. "Kaka, tuulize," akasema.

Nikamcheka. "Mi niulize njia ya Kanyosha? Samaki anauliza maji?"

Yule mama akainua kichwa. "We kaka, njia unayoijua ilishakufa. Uliza mi, napita kila siku."

Nikampungia mkono, tukapita. Mbele kidogo nikamwambia Hamisi, "Kaa kwenye ukuta huu, nachungulia kona, narudi."

Nilipinda mara tatu. Niliporudi, ukuta haukuwa ule. Nikaenda mwingine, nao haukuwa. Risasi zikalia upande wa mlimani. Nikaita mpaka sauti ikakauka, nikajikuta tena kwa mama wa mihogo, sasa namuuliza.

"Ulimuacha kwenye ukuta gani?" akasema.

Nikamwonyesha ukuta mmoja, kisha mwingine, na mwingine.

Mjukuu wangu muuguzi anasema ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, hipokampasi, yenye seli zinazogawana mahali: hii huamka ukifika hapa, ile ukifika pale. Alama zikibadilika sana, seli hizo huchora ramani nyingine. Namsikiliza, lakini bado sielewi. Siku ile ramani ya zamani ilikataa kufa, au mpya ilichelewa? Au vyote viwili? Mpaka leo nikiota Kanyosha, mparachichi umesimama.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Usimwongoze mtu kwa njia ya jana. Muulize aliyepita leo, hata kama umezaliwa hapo. Na aliye mgonjwa wa mguu usimwache nyuma. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kusema "nimepotea", na akurudishe kwako na wote uliotoka nao.

Mimi nilirudi peke yangu. Hamisi hakupatikana, wala kaburi lake silijui.