Mtungi wa Jirani

Duka langu la mapazia liko chini ya ghorofa moja Kariakoo, mlango kwa mlango na duka la kanzu la mzee mmoja, mtu wa Lindi. Nilimwita baba, naye akaniita mwanangu, maana ndiye aliyenipokea mtaa ule nikiwa sijui hata kufunga mzigo wa mteja wa mkoani. Kanzu zake alizipiga pasi mwenyewe kutwa nzima, nyuma ya kaunta.

Asubuhi ile habari zilitufikia kabla ya wenyewe kufika: zimamoto wanakagua mtaa. Kwa baba walikuwa wameshamaliza. Mimi mtungi wangu wa kuzimia moto ulikwisha muda wake miaka mingi iliyopita, kazi yake ikawa kuuegemea mlango usijifunge na upepo. Nikaingia kwa baba mbio.

"Shikamoo baba. Naomba uniazime mtungi wako, dakika kumi tu."

"Marahaba. Wako una nini?"

"Nitaupeleka kujazwa wiki hii hii."

Aliutazama ukuta, kisha akauteremsha mtungi. "Unirudishie leo, mwanangu. Mimi na pasi hii, sitaki kukaa bila huo."

Afisa aliyeingia kwangu alikuwa mama wa makamo, mpole. Duka la baba lilikuwa limekaguliwa na mwenzake. Aliuliza kama wafanyakazi wangu wanajua kuutumia mtungi. Nikasema wanajua. Wale wasichana wangu wawili wakainamisha macho. Akauliza kama mlango wa nyuma unafunguka. Nikasema unafunguka, na hali marobota ya vitambaa yameuziba hadi juu, nimeyashushia pazia la maonyesho ili yasionekane. Aliandika, akaniambia, "Dada, sheria haikutaki uwe na mtungi kwa ajili yetu sisi. Ni kwa ajili ya hawa mabinti wanaoshinda humu ndani." Nikaitikia kwa heshima zote.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilisahau. Sikusahau. Yule mama aliaga kwa kusema huenda wakapita tena, nami nikaona heri mtungi ubaki kwangu siku mbili tatu. Kesho yake baba alichungulia mlangoni. "Mwanangu, mtungi wangu?"

"Jioni, baba. Wateja wamenibana."

Hakukuwa na mteja hata mmoja. Nadhani aliona, lakini akarudi zake.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, nilimsikia akipiga kelele. Nilipotoka, moshi ulikuwa unatoka dukani kwake. Waya wa pasi ulikuwa umepiga shoti, moto ukarukia kanzu zilizotundikwa ndani ya mifuko ya nailoni. Baba alikuwa ameugeukia ukuta, mkono juu, pale mtungi ulipokuwa ukining'inia. Kisha akazivamia zile kanzu kwa mikono mitupu, akizivuta chini na kuzikanyaga.

Nilirudi ndani nikaunyakua mtungi. Nilifika nao kwake, nikabinya, haukutoa kitu. Nikabinya tena, nikautikisa. Nilikuwa nalia. Baba alininyang'anya, akang'oa pini kwa vidole vilivyokwisha kubabuka, akaumwaga unga wa kuzimia moto uliokuwa ndani. Moto ukafa. Nusu ya duka ilikuwa imeungua, na ngozi ya viganja vyake ilikuwa inaning'inia.

Zimamoto walikuja. Yule afisa aliyekagua kwa baba alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje, mikono kaiweka juu ya kanga yenye maji. Akamuuliza, "Mzee, majirani wanasema mtungi ulichelewa. Juzi niliuona ukutani. Ulikuwa wapi?"

Baba alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale.

"Niliutoa mwenyewe," akasema.

Akaandikiwa kosa. Duka likafungwa mpaka atengeneze umeme na kutimiza masharti. Mimi nilisikiliza yote hayo nikiwa nimefumba mdomo, kisha nikaingia dukani kwangu nikauza pazia.

Nilikaa hivyo siku tisa. Ya kumi nikaenda nyumbani kwao Magomeni. Mke wake alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko, mikono ya baba yote miwili imefungwa bandeji. Mama alinikaribisha kwa furaha, akanishukuru kwa kukimbilia kumsaidia mumewe. Hapo ndipo nilipopasuka. Nikasema yote, hata lile la wateja ambao hawakuwapo.

Mama aliweka kijiko chini. Baba ndiye aliyesema, "Nilijua utakuja. Ila ulichelewa, mwanangu."

"Kwa nini hukunitaja, baba?"

"Mtungi ulikuwa wangu. Sheria ilinitaka mimi nikae nao, siyo kuuazimisha. Na wewe nilitaka useme mwenyewe."

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao zimamoto, nikamweleza yule mama afisa. Aliniacha nimalize, akachukua kalamu, akaandika jina langu palipostahili. Nilitozwa faini, duka langu nalo likafungwa mpaka marobota yakaondolewa na mlango wa nyuma ukafunguka kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha, mimi na wasichana wangu, kung'oa pini. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nilipoiona ilivyo nyepesi, nilitamani ardhi inimeze.

Baba alirudi sokoni baada ya miezi kadhaa. Kanzu sasa anampa fundi mwingine apige pasi. Vidole vyake havikunji sawasawa, kwa hiyo akipata mteja wa mkoani hugonga ukuta na kuniita nimfungie mzigo. Nikifika napiga goti, navuta kamba, namsikia juu yangu akisema, "Kaza kidogo, mwanangu." Nakaza. Sijaweza bado kuinua uso nikaiangalia mikono yake.