Mstari wa Saba kwenye Karatasi ya Bi Mapema

Jumanne, tarehe 11 Machi. Mawingu mazito tangu alfajiri, upepo kidogo, mvua haikunyesha.

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi alifungua mlango wa ofisi ya wakala wa tiketi za ndege, kama alivyoufungua kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Bi Mapema, na wateja wa siku nyingi hawakumjua kwa jina jingine. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu cha chini, katikati ya duka la vioo na kinyozi. Ilikuwa na madawati mawili, viti vinne vya plastiki vya wateja, na ramani ya dunia iliyopauka upande unaopigwa na jua. Kule nyuma, ndani ya kizimba cha mbao na kioo, ilikuwepo meza ya msimamizi. Msimamizi alikuwa mdogo wa mume wake. Nyumbani alikuwa shemeji, kazini alikuwa bosi, na wakati wa chai ilikuwa vigumu kujua ni yupi kati yao anayezungumza.

Kazi ya kwanza ya kila siku ilikuwa foleni. Foleni ni orodha ndani ya kompyuta, ya buking, yaani nafasi za abiria zilizowekwa, zinazotaka kushughulikiwa: ndege imesogezwa saa, abiria aliyekuwa akisubiri nafasi ameipata, tiketi inakaribia kuisha muda. Katika ofisi ile anayefika kwanza ndiye anayezifungua moja moja na kuzimaliza kabla wateja hawajaingia. Aliyefika kwanza alikuwa yeye siku zote, basi ikawa kazi yake, na hakuna aliyekumbuka kwamba iliwahi kuwa ya zamu.

Hakuwa mtu wa kompyuta. Mashine zilipoletwa alipelekwa semina ya siku tatu, akarudi na karatasi moja: andika hiki, bonyeza hiki, subiri. Aliibandika ukutani pembeni ya skrini. Kila utaratibu ulipobadilika, msimamizi aliichapa upya na kuibandika mwenyewe, naye aliifuata mpya kama alivyoifuata ya zamani, kidole cha kushoto kwenye mstari, mkono wa kulia kwenye vitufe. Mistari ilikuwa sita. Tangu mwezi wa tisa ilikuwa saba.

Asubuhi hiyo alipofika mstari wa saba alifungua foleni namba arobaini, akaikuta tupu. Akaifunga, akapangusa dawati, akakaa.

Saa mbili na nusu aliingia kijana wa sweta ya kijivu na begi la mgongoni. Dada wa dawati la pili, ambaye kwa kusema kwake walimwita Redio, alidhani ni mwanafunzi anayetaka nauli ya wanafunzi, akamuuliza anakwenda wapi. Kijana akajibu kwamba amekwisha kufika. Alikuwa mkaguzi wa shirika la ndege.

Msimamizi alikuwa ametoka. Mkaguzi akasema si neno, mtu anayemtafuta ni mwenye namba hii, akaisoma. Ilikuwa namba ya Bi Mapema, ile anayoingilia kwenye mfumo.

Akaweka mezani karatasi yenye majina kumi na manne. Ni abiria waliokata tiketi za viti vya kawaida, kisha buking zao zikabadilishwa, wakawekwa viti vya mbele, vile vipana vinavyolala, bila wao wala mtu mwingine yeyote kulipia. Mbele ya kila jina kulikuwa na tarehe na saa ya badiliko. Saa zote zilikuwa kati ya saa moja na saa moja na nusu asubuhi. Na kila badiliko lilifanywa kwa namba yake.

Bi Mapema alisoma karatasi ile kutoka juu hadi chini, akairudia kutoka chini hadi juu. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba namba yake imeibwa. Wazo hilo lilimpa nafuu kwa dakika kama mbili.

Mkaguzi akauliza nani mwingine huwepo ofisini saa hiyo.

"Hakuna. Mimi na kinyozi, naye yuko upande wa pili wa ukuta."

"Basi ni kinyozi," Redio akasema. "Ametoboa."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi akamwomba Bi Mapema amwonyeshe anavyoanza siku, kila kitu, bila kuruka. Akakaa kwenye mashine, akaweka kidole kwenye karatasi ya ukutani, akaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, hadi wa sita, mkaguzi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Wa saba alisogea akausoma mwenyewe. Ulisema hivi: foleni arobaini, kwa kila buking badilisha Y iwe C, andika namba ya idhini, hifadhi. Namba ya idhini ilichapwa hapo hapo, kwa herufi nene.

Akauliza nani ameandika mstari huu. Bi Mapema akasema karatasi huchapwa na msimamizi. Mkaguzi akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba namba ile ya idhini ilikuwa ya afisa wao mmoja aliyestaafu miaka miwili iliyopita, na kwamba walisahau kuifunga. Mtu alikuwa akiziingiza buking kwenye foleni arobaini mchana, kwa namba ya ofisi ambayo kila mtu huitumia, na asubuhi zikamaliziwa kwa namba ya Bi Mapema.

"Mama, herufi C unaijua?"

"Naijua. Viti vya mbele."

"Na Y?"

"Ya kawaida. Nimeiuza miaka kumi na tisa."

"Ulipoandika, uliiona Y inageuka C?"

"Niliiona."

"Ukafikiri nini?"

Alitazama skrini kana kwamba jibu lingetokea pale. Alitaka sana kumsaidia kijana yule, maana alikuwa na adabu.

"Sikufikiri kitu," akasema. "Nilifikiri ndiyo kazi."

Mkaguzi hakuandika jibu hilo. Alitoa fomu ya maelezo, ukurasa mmoja wenye mistari na visanduku viwili juu: alijua, hakujua. Akamwambia aijaze kwa utulivu nyumbani, kesho saa tatu ataifuata. Akijaza kwamba alijua, namba yake itafungwa moja kwa moja na hatakata tena tiketi ya shirika lile katika ofisi yoyote. Akijaza kwamba hakujua, lazima aandike nani alimpa mstari ule, na huyo ndiye atakayefungiwa. Kwa leo namba imesimamishwa. Akabonyeza vitufe viwili, skrini ikarudi kwenye ukurasa wa kuingilia, na Bi Mapema akabaki ameshika kalamu.

Siku nzima alipokea simu na kuandika majina ya wateja kwenye daftari, Redio akiyaingiza kwenye mashine. Mara tatu alinyanyuka kwenda kuisoma karatasi ya ukutani, mara tatu akakuta ni ile ile. Msimamizi alirudi alasiri, akasimuliwa na Redio mlangoni kabla hajavua miwani, akaingia kizimbani mwake na kutazama ukuta. Kisha akaondoka.

Alifika nyumbani kwa kaka yake saa kumi na mbili jioni. Mume wa Bi Mapema, fundi friji, alikuwa barazani na kompresa ya mtu magotini. Alimkaribisha mdogo wake kiti, hakusimama.

Msimamizi alieleza mambo kwa kuzunguka. Ilianza na daktari aliyemtibu mama yao, mzee mwenye mgongo mbovu, na safari yake ni ya saa kumi na moja angani. Namba ya idhini aliikuta kwenye barua ya zamani ya yule afisa, akaijaribu, ikakubali. Baada ya daktari akaja mwalimu mkuu wa shule ya wanawe, kisha mwenye nyumba, kisha watu wa kujuana tu. Hakuchukua chochote kwa mtu, aliapa. Ndege zinaondoka na viti vitupu kule mbele, ni dhambi gani mtu akikaa? Abiria anampigia simu akiwa ameegemea kwenye kiti kile kipana, anamwita mkubwa. Wewe hujui, alimwambia kaka yake, kuitwa mkubwa na mtu aliyeegemea.

Bi Mapema alikuwa akimenya viazi. Alimwacha amalize.

"Shemeji, mbona hukuandika mwenyewe?"

"Mimi sifiki mapema."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja namba ya viatu vyake. Bi Mapema alisubiri ajisikie ana hasira, hasira haikuja. Kilichokuja ni kuchanganyikiwa, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Msimamizi akasogeza kiti. Andika hukujua, akamwambia, kwani ni kweli hukujua. Halafu andika karatasi uliikuta ukutani. Karatasi za ukutani hazina mwenyewe. Watahangaika wiki mbili, watachoka, utarudishiwa namba yako. "Mimi nina watoto watatu shuleni, shemeji. Wewe unalindwa na ukweli. Mimi sina kinachonilinda."

"Lakini karatasi ina mwenyewe."

"Unaweza usikumbuke."

Alimgeukia mumewe. Fundi alikuwa akijaribu kurudisha skrubu kwenye tundu ambalo si lake, na alikuwa akilijaribu kwa muda sasa.

"Huyu ni mdogo wangu na wewe ni mke wangu," akasema. "Niacheni nimalize hii kompresa."

Hakuimaliza. Msimamizi alikataa chakula, akaaga kwa heshima zote, hata akamwita dada, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Baada ya kula Bi Mapema alifuta meza, akaweka fomu. Kalamu ilikwenda kwenye kisanduku cha hakujua ikasimama, kwa sababu alikumbuka jambo. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Katika foleni arobaini alikuta mwanamke mwenye jina la ukoo kama la baba yake mwenyewe. Alipoandika mstari wa saba, Y ikawa C, na yeye akasema moyoni: huyu ana bahati. Alilisema kwa maneno hayo hayo, akatabasamu, akahifadhi. Kwa hiyo alikuwa amemwambia mkaguzi uongo, ingawa alipousema ulikuwa ukweli. Mtu asiyejua hasemi huyu ana bahati. Lakini pia mtu anayejua hatabasamu vile, atatazama mlango.

Alimuuliza mumewe kama kuona ni kujua. Fundi akafikiri sana, akasema friji ikivuma vibaya kila mtu nyumbani anasikia, lakini anayejua ni fundi. Bi Mapema akasema yeye katika habari hii ndiye fundi, miaka kumi na tisa. Mumewe akasema basi hapo yeye naye hajui. Bi Mapema akamuuliza kama amemkasirikia mdogo wake. Fundi akajibu kwamba bado hajafika huko.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, jua lilitoka mapema. Alifungua ofisi saa moja kasoro dakika kumi, akafungua madirisha, akabandua karatasi ya ukutani, akaikunja mara moja. Mkaguzi alipofika saa tatu alimkabidhi karatasi hiyo pamoja na fomu. Visanduku vyote viwili vilikuwa vitupu. Chini yake mistari yote ilijaa mwandiko mdogo ulionyooka: nani alichapa, tangu lini, yeye alifanya nini kwa mkono wake, na siku ile ya mwezi wa kumi na moja aliona nini, akasema nini moyoni. Jina la msimamizi lilikuwepo mara moja. La kwake lilikuwepo mara nyingi zaidi.

Msimamizi alikuwa kizimbani, ameketi, anatazama.

Mkaguzi alisoma mara mbili. Akasema hawezi kuipeleka hivi, lazima achague.

"Nimeandika yaliyotokea, mwanangu. Hapo juu mtachagua nyinyi, mimi nimeshindwa."

Kijana akaingiza karatasi kwenye begi polepole. Akagonga kioo cha kizimba, akamwambia msimamizi kwamba watahitaji kuzungumza. Kisha akakumbuka jambo: kati ya wale kumi na wanne mmoja hajasafiri bado. Anaondoka leo saa tisa. Ameshawekwa upya viti vya kawaida, ila hajaambiwa, na mtu wa ofisi hii ndiye anayepaswa kumwambia.

Redio akatazama dari. Msimamizi akatazama simu ya mezani kwake, hakuigusa. Bi Mapema akavuta ya kwake, akapiga namba iliyoandikwa kwenye orodha. Alipokea mama mtu mzima, nyuma yake kulikuwa na kelele za mabegi. Bi Mapema alijitambulisha, akaeleza kwamba kiti chake kimerudishwa nyuma.

"Kwani nilikuwa mbele?" mama akauliza.

"Ulikuwa mbele."

"Aliniweka nani?"

"Nilikuweka mimi."

"Tunajuana?"

"Hapana, mama. Samahani."

Mama akasema makubwa haya. Kisha akauliza kama hicho cha nyuma ni cha dirishani. Bi Mapema alinyoosha mkono kwenye vitufe, akakumbuka kwamba hana namba. Akamwambia asubiri, akaziba simu kwa kiganja, akamwomba Redio amtazamie.