Vidole Vitano vya Nzioka

Kuna mateso mengi duniani, lakini kuwashwa na vidole ambavyo huna, hayo usimwombee hata adui yako. Nzioka, fundi wa viatu pale Kambu, alikatwa mguu wa kulia mwaka wa themanini na sita, alipokuwa utingo na lori likambana mteremkoni. Miaka kumi na miwili baadaye mguu huo ulikuwa ungali unamsumbua. Vidole vilijikunja, vikawaka moto, vikawasha, naye angekuna nini? Mguu wa mbao? Alishona viatu vya watu wa barabara nzima huku akisaga meno.

Kisha Waithaka, mtu wa Murang'a aliyekuwa akiuza kaseti duka la pili kutoka kibanda cha Nzioka, akaleta jenereta, televisheni na mashine ya michezo. Mchezo wenyewe ulikuwa umetolewa katika vitabu vya katuni vya Wajapani, vile vinavyosomwa kuanzia nyuma. Alikuwamo polisi wa kike, nusu mtu nusu chuma, akiruka juu ya maghorofa ya mji usiokauka mvua na kuwamiminia watu risasi. Mkono wake uking'oka, anafungiwa mwingine kama gurudumu la gari.

"Mzee, kuja uone!" Waithaka alimwita. "Huyu ni wewe kabisa! Ni spea tu!"

Wachezaji wakaangua kicheko. Nzioka alichungulia, akaona paja likidondoka bila damu wala kilio, na yule mwanamke akasimama tena akiwa mzima. Mate yalimjaa mdomoni. Alikumbuka usaha wa kidonda chake, nzi, na mama yake, Kalunde, akifua vile vitambaa huku amegeuza uso. Akatema mate pale pale mlangoni, asijali mlango ni wa nani.

"Uchafu mtupu," alisema. "Sasa miguu ya watu ndiyo mnayochezea?"

Hasira hiyo haikumtoka. Jumapili alisimama kanisani akayaeleza yote, mpaka akina mama wakafunika midomo. Pasta Musyoka aliandika barua ya kumshtaki Waithaka kwa chifu, wazee wakatia sahihi, Nzioka wa kwanza, na chifu akaandika chini yake kwamba Jumatatu ifuatayo mashine iwe imeondoka Kambu. Nzioka mwenyewe ndiye aliyetumwa kumpelekea Waithaka barua hiyo.

Alimkuta Waithaka peke yake, Jumamosi mchana, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Waithaka aliisoma, akaiweka mezani, hakugomba.

"Sawa, mzee. Nitahamia Emali. Lakini umenishtaki na hii kitu hujawahi kuishika. Keti dakika tano, halafu unitukane vizuri."

Nzioka aliketi kwa hasira, ili apate mengi zaidi ya kusema kanisani. Akapewa kidude chenye vifungo. Yule mwanamke alianguka, akagonga kuta, akafa mara tatu, na kinyaa kikamzidi Nzioka. Mara ya nne akakimbia. Nzioka akabonyeza, akaruka kutoka paa moja hadi lingine, na alipotua kwa mguu wa kulia, vidole vilivyokuwa vimejikunja miaka kumi na miwili vikanyooka. Kimoja, halafu kingine, mpaka vyote vikatulia.

Aliruka tena. Akapiga watu risasi, Mungu amsamehe, ili tu apate paa lingine la kurukia. Dakika tano zikawa saa nzima, na Waithaka, ambaye hakuwa mjinga, aliongeza petroli kwenye jenereta.

"Sasa?" aliuliza mwishowe. "Nimwambie chifu umebadilisha maneno?"

Nzioka aliitazama barua pale mezani, sahihi yake ikiwa juu ya zote. Angewaambia nini wale wa kanisani? Kwamba uchafu aliowasimulia ndio uliomponya? Alijichukia, akaichukia mashine, akamchukia Waithaka kwa kuuliza.

"Peleka uchafu wako huko Emali," alisema, akainuka akatoka.

Jumatatu asubuhi pikapu ilibeba televisheni, jenereta na ile mashine. Waumini walipita kibandani kwa Nzioka kumpa mkono, na Mama Kasyoka, kiongozi wa akina mama, akamletea chai ya maziwa kwenye chupa.

"Umetuokoa, Baba," alisema. "Mungu akubariki."

Nzioka alijibu amina, na chini ya meza vidole vyote vitano vikaanza kujikunja.