Kompyuta Niliyoipima kwa Mizani ya Karafuu

Kuna ofisi moja Wete, niliambiwa, ambayo kompyuta yake ilipofika mpya karani aliibeba kwapani kama mkate wa mofa. Wakaanza kuijaza mafaili, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku ya kuhamisha meza ikabidi waitwe wanaume wanne wa bandarini, na mmoja akateguka kiuno. Kumbukumbu imejaa, ndiyo uzito wote ule! Habari hii nilipewa na mwenzangu wa dawati kwenye masomo ya usiku, mtu mzima mwenye ndevu zake, nami niliiamini kama ninavyoamini kwamba jua huzama upande wa Tanga.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike aliponiambia, "Kaka, weye ndiye msomi wetu, twende ukanichagulie kompyuta," sikubabaika hata kidogo. Nilichukua mizani ya kuning'iniza tunayopimia karafuu kavu, nikaifunga kwenye kanga.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Alikuwa ameshachukua kazi ya kutengeneza video ya harusi ya jirani yetu hapa Gando, kazi yake ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akienda Wete kukaa foleni kwenye kompyuta za watu, na zamu yake ikifika, umeme unakatika. Alitaka mashine yake mwenyewe, ya bei ya katikati, itakayoiweza video hiyo na kukua pamoja na kazi. "Isipoweza," alisema, "narudi foleni, na jirani hatonijibu salamu mpaka kiama."

Dukani zilikuwepo mbili za mezani, bei zake zikikaribiana. Moja nyembamba, nzuri, ungeweza kuisimamisha kabatini katikati ya misahafu. Ya pili ilikuwa sanduku la bati, refu kama jeneza la mbuzi. Nikatoa mizani.

Mwenye duka, mzee mpole wa kofia, alivua miwani. "Bwana, unanunua kompyuta au papa mkavu?"

"Mzee wangu, niachie mie. Mambo haya tumeyasomea."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Ile nyembamba haikuutingisha mshale sana. Lile sanduku lilivuta mizani mpaka bega langu likapiga kelele. Nikamwambia mdogo wangu tuchukue hilo hilo, lina akili ya wilaya nzima.

"Kaijaribuni," alisema mzee. "Isipowafaa, irudisheni kabla ya sala ya Ijumaa."

Nyumbani iliwaka upesi. Barua ilifunguka kabla kidole hakijatua. Nikaanza kujisifu. Ndipo mdogo wangu akafungua video ya harusi, pale bibi harusi anapomlisha mumewe haluwa. Kipande cha haluwa kikapanda, kikafika mbele ya mdomo wa bwana harusi, kikaganda hapo. Tukasubiri. Tukanywa chai, birika zima. Haluwa ingali hewani, na yule bwana kinywa wazi, maskini, kama samaki chewa sokoni.

"Kaka," alisema mdogo wangu polepole, "hii ndiyo akili ya wilaya?"

Nikachukua bisibisi. Nikafungua ubavu wa sanduku, na wallahi nywele zilinisimama. Tupu! Ungeweza kufuga kuku mle, na vifaranga wakapata ukumbi wa kuchezea. Feni moja huku, waya kule, na pembeni kijiti kimoja cha RAM kimesimama peke yake, kando yake vijishimo vitatu havina kitu. Huku chini vyumba vya diski, kimoja kina kitu, vingine vitupu. Nilipiga ukelele majirani wakaja mbio wakidhani pana nyoka.

"Lahaula! Tumeuziwa ganda! Wameitoa firigisi, maini, kila kitu!"

Mdogo wangu alikaa kitandani akaitazama ile haluwa iliyoganda. Nilimwona anahesabu foleni za Wete moyoni mwake, na hapo ndipo hasira ziliponipanda.

Ijumaa asubuhi tulikuwa dukani kabla mzee hajafagia. Nililiweka sanduku juu ya kaunta, ubavu wazi, nikasema maneno ambayo siku ya Ijumaa hayasemwi. Mzee hakukasirika. Alichukua ile nyembamba, akaifungua mbele yangu. Chumba chake kimejaa pomoni, vitu vimebanana kama tende koponi!

"Hiyo!" nikapiga kofi. "Hiyo imeshiba! Tubadilishie hiyo hiyo!"

"Ngoja, kaka." Mdogo wangu aliisogelea, akachungulia kwa muda, halafu akamgeukia mzee. "Babu, hii iliyoshiba, mwakani nikitaka kuongeza kitu nitakitia wapi?"

"Huna pa kutia, mwanangu. Ulivyoinunua ndivyo utakavyozeeka nayo."

"Na ile?"

Mzee alifungua droo, akatoa kijiti cha RAM ndugu wa kile cha kwanza, akakibonyeza kwenye kishimo kitupu mpaka kikalia *ka*. Akachomeka umeme na skrini ya dukani. Mdogo wangu akaifungua video ile ile, na mie nikafumba macho.

Niliyafumbua niliposikia vigelegele vya harusi. Haluwa imeshamezwa! Bwana harusi anatafuna, anajifuta mdomo, watu wanacheka, picha inakwenda kama maji ya mfereji. Mdogo wangu alikata kipande, akakiunganisha na kingine, na mashine ikamfuata bila kinyongo. Nilibaki nimeduwaa, kinywa wazi, sasa zamu yangu ya kuwa chewa.

"Prosesa yake ni nzima," alisema mzee, "ilikosa RAM tu, pale mahali inapoitandaza kazi. Na vishimo viwili vingine bado vinakungoja, na diski ukitaka."

"Tunalichukua sanduku," alisema mdogo wangu, akaanza kuzikunja waya.

Mie nilikuwa nimekwama bado kwenye lile lililonileta. "Sasa mzee, ule uzito? Kilo zote zile si kumbukumbu?"

Akanitazama, akaona sicheki.

"Kumbe siku ile hukuwa ukitania," alisema. "Bati, mwanangu. Uzito ule ni wa bati. Kompyuta ukiijaza mafaili haiongezeki uzito."