Arletha Goolsby na Beseni la Salemu ya Juu

Ukiwauliza watu wa kanisani kwetu, watakuambia Arletha Goolsby ni mpole. Mpole! Nimekaa naye jirani tangu tuna meno ya utoto, na sijaona mwanamke mbishi kama yule. Hapigi kelele kwa sababu anakuwa ameshaamua, basi. Wewe utasema weee mpaka koo likauke, yeye anakutazama tu na kukumiminia chai ya barafu.

Alipika katika shule ya msingi mpaka akastaafu. Watoto weusi kwa weupe wa kaunti yetu walikula chakula chake, na hadi leo wakimkuta dukani wanamkumbatia. Mumewe, Lucius, alifariki mapema. Arletha akamlea binti yao Renita peke yake, akamsomesha mpaka akawa nesi. Kisha Renita akaolewa na Dwight Hutto, kijana mweupe wa mashamba ya karanga ng'ambo ya mto, na maneno yakaanzia hapo.

Wendell Hutto, baba yake Dwight, hakutia mguu harusini. Mkewe Maudine naye hakuja, maana Wendell alimkataza. Mtoto akazaliwa, wakamwita Mika. Akaota meno, akaanza kutembea, na bibi yake Maudine hajawahi kumpakata hata mara moja. Siku moja wakakutana dukani, Maudine akageuza uso, akajifanya anachagua mayai. Dwight akaja kwa Arletha siku hiyo hiyo, uso umemwiva.

"Mama, sisi tunahamia Atlanta," akasema. "Siwezi kumlea mwanangu mahali ambapo bibi yake anamkwepa kama mdai."

Arletha akammiminia chai ya barafu. Mimi niliyekuwa pale, ninayemjua, nikaona ameshaamua jambo. Binti yake wa pekee na mjukuu wake wa pekee walikuwa wanaondoka, na yeye hakuwa na nia ya kukaa barazani awapungie mkono.

Sasa, sisi na akina Hutto wote ni Wabaptisti wa zile taratibu za zamani. Tunaimba bila kinanda, na baada ya meza ya Bwana tunaoshana miguu kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Enzi za utumwa tulikuwa kanisa moja, watu wetu wakikaa kule juu kwenye roshani. Uhuru ulipokuja wakashuka, wakatoka, wakajenga lao. Ndiyo ikawa Salemu ya Juu ya weupe na Salemu ya Chini yetu, barabara moja, nyimbo zile zile. Kila Mei, siku ya meza ya Bwana, mchungaji wao husimama akatamka maneno yale yale anayoyatamka wetu: ndugu yeyote wa imani moja na utaratibu mmoja, karibu. Na hakuna mtu wetu aliyewahi kwenda kwao, wala wao kuja kwetu.

"Vernice," Arletha akaniambia Jumamosi moja ya Mei, tunachambua sukuma wiki jikoni kwake, "kesho unipeleke Salemu ya Juu."

"Kufanya nini?"

"Kushiriki meza ya Bwana. Nimealikwa."

"Na nani, wewe?"

"Na mchungaji wao. Kila mwaka anatuita. Sisi ndio hatuna adabu, hatuendi."

Nilicheka mpaka nikaona mwenzangu hacheki. Nikadhani nimemwelewa: anataka kumwosha Maudine miguu ili amwaibishe kwa wema. Nikapandwa na hasira.

"Mama yako amewafulia nguo hao. Bibi yako alimnyonyesha baba yake Wendell. Na wewe bado unataka kwenda kuwapigia magoti?"

"Wewe endesha gari, Vernice. Mengine niachie."

Tulipoingia, uimbaji ulilegea, halafu ukapanda tena. Tukakaa upande wa akina mama. Mchungaji, mzee Purvis, akatutazama, akatamka ile karibu yake neno kwa neno. Mkate ukapita, tukala. Kikombe kikapita, tukanywa. Kwa hilo nampa heshima yake.

Yakaletwa mabeseni na mataulo. Arletha akainuka, akaenda kukaa benchi la Maudine. Watu wote walingoja ajifunge taulo kiunoni, aanze kumwosha. Yeye akainama, akavua viatu, akavua soksi, akaikita miguu mitupu sakafuni, miguu iliyovimba kwa kusimama jikoni maisha yake yote.

"Dada Maudine," akasema, "kwetu tumewaosha ninyi vya kutosha. Leo nimekuja unioshe mimi."

Upande wa wanaume Wendell akakohoa. Maudine akamtazama mumewe, akaitazama ile miguu. Kwao na kwetu, ukikataa kumwosha dada yako wa imani siku ile umejitoa mwenyewe mezani, na mkate alikuwa ndiyo kwanza ameumeza. Akajifunga taulo. Akapiga magoti, akaanza na mguu wa kulia, machozi yanadondokea majini.

"Maudine!" Wendell akasimama, kofia mkononi. "Inatosha. Twende."

Maudine akaukausha ule mguu haraka, akashika ukingo wa beseni alisogeze. Nami, Mungu anisamehe, niliona mguu mmoja si haba, nikashukuru moyoni, nikainama kumwokotea mwenzangu viatu. Arletha akainua mguu wa kushoto, akaushikilia juu ya maji.

"Na huu je, Maudine?"

Wendell alikuwa ameshafika mlangoni. Maudine hakugeuka.

"Kanisubiri garini," akamwambia mumewe. "Sijamaliza."

Akaupokea mguu kwa mikono miwili, akauosha polepole, kidole kwa kidole, akaukausha. Kisha akabaki pale chini ameinamisha kichwa.

"Dada Arletha," akasema, "mtoto ana macho ya nani?"

"Njoo umtazame mwenyewe. Leo, tukitoka hapa." Arletha akachukua taulo, akajifunga. "Haya kaa, zamu yako."

Huko nje honi ya Wendell ikalia, ikalia tena. Maudine akakaa, akavua soksi zote mbili.